Springi, kofia au fuvu wazi? Tathmini ya upasuaji wa watoto ambao mishono ya fuvu imefunga mapema

Mtoto mwenye komo mbele na chogo nyuma, kichwa kirefu na chembamba kama mtumbwi, aghalabu huambiwa amechukua kichwa cha babu yake. Mara nyingi ni kweli. Lakini kwa mtoto mmoja katika kila 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa, umbo la kichwa ni dalili kwamba mshono wa fuvu umefunga kabla ya wakati, na kukanda kwa mafuta ya nazi hakuwezi kuufungua. Tiba yake ni upasuaji, na upasuaji wenyewe si wa aina moja. Hapa tunazitathmini njia tatu kuu ambazo mzazi huwekewa mezani: mkato mdogo kwa kamera kisha kofia ngumu, springi za chuma, na kufungua fuvu lote na kulipanga upya.

Kipimo chetu ni huduma ya Uingereza. Kwa England nzima kazi hii imekusanywa katika vituo vinne tu: Great Ormond Street ya London, Birmingham, Oxford, na Alder Hey ya Liverpool. Mpango huo tunauunga mkono kabisa. Upasuaji huu ni wa nadra, na daktari anayeufanya mara mbili kwa mwaka hawezi kulingana na anayeufanya kila wiki. Isitoshe, katika kituo cha namna hii daktari wa ubongo na daktari wa kutengeneza uso husimama kwenye meza moja, na nyuma yao wapo daktari wa usingizi wa watoto, wa macho, wa masikio na pua, wa jeni, mtaalamu wa usemi na mwanasaikolojia. Ukipelekwa mahali ambapo unaonyeshwa daktari mmoja tu, hata awe hodari namna gani, huduma hiyo ina pengo.

Tunatoa hukumu mapema: njia iliyo bora kuliko zote haipo. Kinachoamua ni mambo mawili. La kwanza ni mwezi ambao mtoto amefikishwa. La pili ni kama familia itaweza kurudi kliniki kila inapoitwa. Mzazi anayejua mambo hayo mawili hachaguliwi njia gizani.

Kwanza, hakikisha ni ugonjwa wenyewe

Fuvu la mtoto mchanga ni vipande vilivyoachiana kwenye mishono ili ubongo upate nafasi ya kukua. Mzingo wa kichwa, wastani wa sentimita 35 hivi wakati wa kuzaliwa, hufika sentimita 46 au 47 mwaka wa kwanza ukitimia. Mshono mmoja ukifunga, mfupa huacha kukua kukingama na mshono huo na hukua zaidi kuufuata urefu wake. Kanuni hiyo Rudolf Virchow aliieleza mwaka 1851 na mpaka leo ndiyo inayosomesha umbo la kichwa. Mshono wa kati, unaotoka utosini kwenda kisogoni, ukifunga, kichwa kinakuwa mtumbwi. Hii ndiyo aina inayoonekana zaidi, na wavulana ndio wengi. Mshono wa paji ukifunga, paji linachongoka kama gubeti la jahazi na macho yanasogeleana. Mshono wa taji, unaokatiza kichwa kwa mapana kupitia utosini, ukifunga upande mmoja, paji la upande huo hurudi nyuma, nyusi hupanda na shina la pua huvutwa kuelekea huko. Ukifunga pande zote mbili, kichwa huwa kifupi, kipana na kirefu kwenda juu. Mshono wa kisogo ni nadra kabisa.

Kosa la kwanza katika safari hii hutokea kliniki, kabla hata ya kisu kutajwa. Muuguzi hupapasa utosi, akaukuta uko wazi, akamwambia mama aende nyumbani. Utosi ulio wazi hauondoi ugonjwa huu. Mshono wa kati unaweza kuwa umeganda kabisa huku utosi ukiwa bado unadunda. Kinachosaidia ni kumtazama mtoto kutoka juu, akiwa amepakatwa, nywele zimelowa, kisha kupitisha kidole juu ya mshono kutafuta tuta gumu.

Kosa la pili ni kinyume chake, kumpeleka kwa mpasuaji mtoto ambaye kisogo kimebonyea upande mmoja kwa sababu ya kulala. Kwake, sikio la upande uliobonyea huwa limesukumwa mbele, paji la upande huo nalo limejitokeza, na kichwa ukikitazama kutoka juu kinafanana na mraba uliosukumwa ubavu. Huyu hahitaji upasuaji. Anahitaji kulazwa tumbo akiwa macho na anaangaliwa, kugeuzwa upande, na shingo ipimwe isije ikawa imekaza. Mshono wa kisogo uliofunga kweli hutoa picha nyingine: uvimbe wa mfupa nyuma ya sikio, na sikio lenyewe huvutwa chini au nyuma.

Kuna la tatu. Mshono wa paji kwa kawaida hufunga wenyewe kati ya miezi 3 na 9, ukaacha katuta kadogo katikati ya paji. Tuta peke yake, bila paji kuwa pembetatu, si la kupasua. Na mtoto ambaye kichwa chake ni kidogo kwa sababu ubongo haukui naye mishono yake hufunga mapema, lakini kwake kufunga ni matokeo wala si chanzo. Huko Paris mwaka 1890 daktari mpasuaji Lannelongue alifungua mafuvu ya watoto wa aina hiyo kwa matumaini kwamba ubongo ungepata nafasi. Haukukua, na baadhi ya watoto waliofanyiwa upasuaji wa aina hiyo walikufa. Kwa hiyo chati ya mzingo wa kichwa kwenye kadi ya kliniki, ikijazwa kila mwezi, ina thamani kuliko picha nyingi za gharama.

Picha ya CT yenye umbo la pande tatu ndiyo inayothibitisha, ila mnunurisho wake kwa mtoto mchanga si wa kuchezea. Kituo kizuri hutumia kiwango cha chini, hupiga mara moja, na pengine hakipigi kabisa iwapo mtumbwi uko dhahiri. Katika miezi ya mwanzo mshono unaweza pia kutazamwa kwa ultrasaundi, ilimradi mkono ni wa mzoefu. Ukiona unaagizwa CT ya pili na ya tatu bila maelezo, uliza.

Kamera na kofia

Njia hii madaktari Jimenez na Barone waliitangaza mwaka 1998 nchini Marekani, na huko ndiko ilikoshamiri. Dirisha lake ni finyu. Mtoto anatakiwa awe na miezi 2 hadi 4, kwa sababu mfupa bado ni mwembamba kama ganda na ubongo unakua kwa kasi. Baada ya miezi 6 vituo vingi haviipendekezi tena.

Kwa mshono wa kati, mtoto hulazwa kifudifudi kichwa kikiwa kimeinuliwa. Hukatwa mikato miwili ya sentimita 2 hadi 4, mmoja nyuma ya utosi na wa pili karibu na kisogo. Daktari huachanisha ngozi na mfupa, kisha mfupa na dura, ule utando mgumu unaofunika ubongo, akitazama kwa kamera. Ukanda wa mfupa uliobeba mshono hukatwa kwa mkasi mzito na kutolewa. Upana wa ukanda hutofautiana kati ya kituo na kituo, wengine hufika sentimita 5 na kuongeza mikato ya pembeni ili kuta za fuvu zilegee. Kazi yenyewe huchukua kama saa moja. Mahali pa hatari ni juu ya mshipa mkubwa wa damu unaopita chini ya mshono huohuo. Dura ikiwa imegandamana na mfupa hapo, mchano mdogo tu unamwaga damu nyingi, na kupitia tundu dogo ni vigumu kuizuia. Daktari mwenye busara humweleza mzazi tangu mwanzo kwamba huenda akalazimika kufungua zaidi.

Sifa za njia hii ni za kweli: damu inayopotea ni kidogo, watoto wengi hawaongezewi, uvimbe si mkubwa, na mara nyingi mtoto hutoka baada ya usiku mmoja.

Nusu ya pili ya tiba, ambayo wazazi huidharau, ni kofia. Bila kofia, kwa mpango huu, upasuaji haujakamilika. Kofia hutengenezwa kwa vipimo vya kichwa cha mtoto mwenyewe, huanza kuvaliwa siku chache baada ya upasuaji, na huvaliwa saa 23 kwa siku. Saa moja iliyobaki ni ya kuoga. Mtoto humaliza kofia mbili au tatu mpaka afike karibu mwaka mmoja. Haimkamui kichwa kama watu wanavyodhani. Inagusa komo na chogo ili visiendelee kurefuka, na kuacha nafasi tupu ubavuni ambako kichwa kinatakiwa kijaze. Ukiingiza kidole ubavuni ukakuta hakuna nafasi tena, kofia imekwisha kazi na kichwa kinahitaji nyingine. Kuendelea nayo wiki nzima zaidi ni kukizuia kichwa kupanuka kule kunakotakiwa.

Yanayoharibika ni madogo lakini huua mpango mzima. Ngozi ikiwa nyekundu mahali pamoja na wekundu usipotoweka ndani ya nusu saa baada ya kuvua, sehemu hiyo ya kofia inachongwa, na inachongwa na mtaalamu aliyeitengeneza, si baba kwa kisu cha jikoni. Jasho huleta vipele na harufu. Kila siku ifutwe ndani kwa spiriti ya asilimia 70 au shampuu ya mtoto na ikauke kabisa kabla ya kuvaliwa. Usipake mafuta kichwani chini yake. Homa ikipanda, vua. Kwa familia inayoishi Muscat, Dubai au Mombasa, joto pekee linaweza kuzifanya saa 23 ziwe 15, na hapo matokeo hushuka.

Kwa hiyo tunasema wazi: familia iliyosafiri kutoka Dar es Salaam au Bujumbura kwenda ng'ambo kwa wiki tatu isikubali njia hii, hata ikipewa bei nafuu, kama nyumbani hakuna fundi wa kofia anayeweza kumwona mtoto kila baada ya wiki mbili hadi nne. Utakuwa umenunua nusu ya tiba.

Springi

Hii ndiyo tunayoipenda zaidi kwa mtoto mwenye mshono wa kati aliyefikishwa kati ya miezi 3 na 6. Ilianzia Göteborg, Sweden, kwa daktari Claes Lauritzen miaka ya mwisho ya 1990, na Great Ormond Street wameikuza hadi kuwa kazi yao ya kawaida. Springi ni waya wa chuma cha pua uliopindwa kama pini kubwa iliyo wazi. Za Great Ormond Street huja kwa unene wa milimita 1.0, 1.2 na 1.4. Mfupa mwembamba wa mtoto mdogo hupewa waya mwembamba, mfupa uliokomaa hupewa mnene. Uchaguzi huo hufanywa mezani, kwa kuubana mfupa kwa vidole na kuhisi ugumu wake, na hapo ndipo uzoefu unapoonekana.

Mshono ukishakatwa kupitia mkato mdogo juu ya kichwa, springi mbili kwa kawaida hubanwa na kuwekwa kukingama na nafasi hiyo, moja mbele na nyingine nyuma, miguu yake ikiwa imenasa kwenye vijipengo vilivyochongwa kwenye kingo za mfupa. Zikiachiwa zinasukuma kuta za fuvu nje polepole. Sehemu kubwa ya kutanuka hutokea siku za mwanzo mwanzo, na mama atayahisi matuta ya springi chini ya ngozi. Hakuna kofia. Mtoto hulala chali kama kawaida.

Gharama ya unafuu huo ni nusu kaputi ya pili. Baada ya miezi kadhaa, mara nyingi kati ya 3 na 6, kovu lilelile hufunguliwa na springi kutolewa, kazi fupi isiyo na damu nyingi. Tarehe hiyo isipuuzwe. Mfupa mpya huziba na kuzifunika springi, na kadiri unavyochelewa ndivyo zinavyozidi kuwa ngumu kutoa.

Kasoro zake ni hizi. Mguu wa springi unaweza kuchomoka kwenye kipengo, upande mmoja ukatanuka kuliko mwingine. Unaweza kuitoboa ngozi, hasa mtoto akijigonga, na ngozi ikitoboka vijidudu vina njia. Ngozi nyekundu inayong'aa juu ya springi ni ya kuonyeshwa siku hiyohiyo. Tena springi hutanua ubavu vizuri kuliko zinavyoshusha komo: mtoto aliyekuwa na paji lililotokeza sana asitarajiwe kutoka na paji bapa. Na kabla ya MRI yoyote, mpiga picha aambiwe kuna chuma kichwani.

Fuvu wazi

Mtoto aliyechelewa, au mwenye mshono wa paji au wa taji, kwa kawaida huishia hapa. Kwa paji na taji wengi husubiri mpaka miezi 9 hadi 15. Mfupa uwe na unene wa kushika umbo, lakini mtoto bado awe na uwezo wa kuziba mapengo. Kabla ya mwaka mmoja dura huotesha mfupa mpya kwa urahisi mkubwa, na baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili uwezo huo hupungua, pengo unaloliacha linaweza kubaki pengo.

Mkato hutoka sikio hadi sikio juu ya kichwa, kwa mstari wa msumeno. Umbo hilo lina sababu. Mkato ulionyooka huzigawa nywele na kovu huonekana mtoto akitoka kuoga, wakati ule wa msumeno hufichwa na nywele zinazoangukiana. Kwa watoto wenye nywele zilizokunjamana fupi na wavulana wanaonyolewa kipara, kovu litaonekana tu, na mzazi aambiwe hivyo mapema. Pia aulizwe kama ukoo una historia ya makovu kuvimba.

Ngozi ikishashushwa, daktari wa ubongo hutoa kipande cha paji, kisha ukanda wa mfupa ulio juu ya macho, unaobeba nyusi. Daktari wa uso huuchukua ukanda huo kwenye meza ya pembeni, akaukunja, akaupasua nyuma ili ukubali kupindika, akaurudisha ukiwa umesogezwa mbele zaidi ya inavyohitajika leo, kwa sababu mifupa hiyo haitakua sawasawa huko mbele. Pleti na skrubu za kushikilia siku hizi ni za kuyeyuka mwilini, na huisha baada ya mwaka hivi. Tunazipendelea kwa mtoto mdogo kwa sababu fuvu hukua kwa kuongeza mfupa nje na kuula ndani, na pleti ya titani iliyowekwa nje inaweza kukutwa miaka baadaye imeingia upande wa ubongo.

Sasa damu. Hili ndilo swali la kwanza la kuuliza hospitali yoyote, Ulaya au Afrika. Mtoto wa kilo 7 ana damu kama mililita 560 tu mwilini, kwa hesabu ya mililita 80 kwa kilo. Akipoteza mililita 150, kiasi kisichojaza kikombe cha chai, amepoteza zaidi ya robo. Kwa hiyo damu iliyopimwa na kulinganishwa iwe ndani ya chumba cha upasuaji kabla ya mkato, si benki ya damu upande wa pili wa jengo. Pawe na njia mbili nene za dripu, na mrija kwenye mshipa wa ateri unaoonyesha presha kila sekunde. Dawa ya traneksamiki asidi imepunguza sana uongezaji damu. Mpango mmojawapo unaojulikana huanza na miligramu 10 kwa kilo, kisha miligramu 5 kwa kilo kila saa. Ngozi hudungwa adrenalini iliyochanganywa na ganzi kabla ya kukatwa.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Kichwa kikiwa juu kuliko moyo, mishipa iliyo wazi ndani ya mfupa inaweza kunyonya hewa. Daktari wa usingizi huigundua kwa kabonidayoksaidi ya pumzi kushuka ghafla. Hapo kidonda humwagiwa maji ya chumvi, kingo za mfupa hupakwa nta, na kichwa hushushwa. Timu iliyozoea hufanya hayo kabla ya sentensi kuisha.

Upasuaji huchukua saa 3 hadi 5, wodini siku 3 hadi 5, na usiku wa kwanza chini ya uangalizi wa karibu. Siku ya pili au ya tatu macho huvimba yakafumba kabisa. Wazazi wasioambiwa hudhani mtoto amepofuka. Huanza kufunguka siku ya nne au ya tano. Kichwa kiinuliwe kidogo, mtoto asikie sauti anazozijua, na parasetamoli itolewe kwa uzito na kwa saa zilizopangwa badala ya kungoja alie. Maji maangavu yakichuruzika kutoka kwenye kidonda au puani, au homa ikarudi baada ya kwenda nyumbani, ni safari ya hospitali usiku huohuo. Huenda dura imechanika na maji ya ubongo yanavuja.

Lalamiko la kawaida baada ya miaka ni panja kuingia ndani, mabonde mawili pembeni ya paji. Msuli wa hapo hushushwa wakati wa upasuaji na usiporudishwa vizuri hunywea. Madaktari makini huusogeza mbele pamoja na mfupa.

Watoto wenye sindromu

Apert, Crouzon na Pfeiffer, sindromu (yaani dalili kadhaa zinazokwenda pamoja) zitokanazo na jeni, hazipimwi kwa mizani hii. Mishono kadhaa hufunga kwa pamoja, uso wa kati haukui, macho yanatokeza na njia ya hewa ni nyembamba. Ni timu ya Andrew Wilkie huko Oxford iliyoonyesha mwaka 1995 kwamba Apert hutokana na mabadiliko katika jeni ya FGFR2, na kwa watoto wengi mabadiliko hayo ni mapya, wazazi hawana. Mama asibebeshwe lawama ya alichokula au alichokiona akiwa mjamzito.

Kwa watoto hawa pumzi na macho hutangulia umbo. Kipimo cha pumzi mtoto akiwa amelala hufanywa mapema, na macho yasiyofumba hupakwa mafuta yake yasikauke. Nafasi ya ubongo mara nyingi hupatikana kwanza nyuma: kisogo hukatwa kikaachwa kimeshikamana na dura, vifaa vya skrubu vikafungwa, na baada ya siku chache mzazi au muuguzi huzungusha kifaa kiasi cha milimita moja kwa siku mpaka zipatikane milimita 20 hadi 30. Kisha vifaa huachwa wiki kadhaa mfupa ugande. Birmingham walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa njia hiyo. Uso wenyewe husogezwa miaka mingi baadaye, kwa kazi iliyoanzishwa na Paul Tessier wa Ufaransa katika miaka ya 1960. Paji na uso vikisogezwa kwa pamoja, pua huwasiliana na eneo la ubongo kwa muda, na homa ya uti wa mgongo ni hatari ya kweli.

Baada ya nyuzi kutolewa

Hapa ndipo huduma nzuri inapoachana na upasuaji mzuri. Presha ndani ya fuvu inaweza kupanda hata baada ya kichwa kuonekana kizuri. Mtoto anapimwa macho kwa kuangaliwa nyuma ya jicho, tena na tena kwa miaka, na kwa mtoto mdogo jicho linaloonekana salama halitoshi kusema presha iko sawa. Kuumwa kichwa asubuhi, kutapika, kurudi nyuma darasani, mzingo wa kichwa kusimama kwenye chati: lolote kati ya haya ni sababu ya kumrudisha. Usemi na maendeleo hupimwa pia, hata kwa mtoto wa mshono mmoja ambaye hana shida nyingine.

Kwa familia zilizoko Afrika Mashariki, mlango wa kuanzia ni kitengo cha upasuaji wa ubongo wa watoto, kama MOI (Taasisi ya Mifupa) pale Muhimbili, Dar es Salaam, hospitali ya Kijabe nchini Kenya, au hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, ambayo inajulikana zaidi kwa kazi yake ya vichwa vikubwa na mgongo wazi. Hao ndio wanaoweza kutofautisha chogo cha ukoo na mshono uliofunga. Muulize daktari ni watoto wangapi wa chini ya mwaka mmoja aliowafanyia upasuaji huu, damu inawekwa wapi, nani atalala na mtoto chumba cha mahututi usiku wa kwanza, na nani atapima macho. Mpasuaji mzuri hukasirishwa na maswali haya mara chache sana.

Anayerudi nyumbani kutoka ng'ambo abebe ripoti ya upasuaji iliyoandikwa, si muhtasari wa ruhusa tu: mshono gani, mfupa gani uliondolewa, dura ilichanika au la, damu aliyoongezewa, pleti ni za kuyeyuka au za titani. Abebe na CT kwenye diski, picha za kichwa kutoka juu, mbele na ubavuni za kabla na baada, na vipimo vya mzingo wa kichwa. Kama kuna springi, tarehe ya kuzitoa iandikwe kwa wino kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, pamoja na idadi yake na unene wa waya.